Nondo Namba Thelathini na Saba

Nyumbani,
Jumapili, mchana

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kabla hujaanza kujiuliza kuna msiba gani, nakuambia mapema kwamba hakuna aliyekufa. Mimi ni mzima, isipokuwa kiuno, ambacho tangu nianze kushona sare za shule kinataka kupumzika kila baada ya suruali mbili. Wewe je, hujambo? Kile kikohozi ulichoondoka nacho siku tuliyomzika Mama kimepona, au bado unakilea? Wifi hajambo? Na mtoto je? Mwambie shangazi yake hajamsahau. Gauni lake lenye mifuko miwili limekwisha, limo humu kwenye kifurushi. Nimelikata kubwa kidogo, maana watoto wa siku hizi wanarefuka kabla nguo haijapigwa pasi.

Najua umeshangaa kupata karatasi kutoka kwangu wakati simu ninayo na salio ninalo. Lakini mimi na wewe tunajuana. Kwenye simu ukishaanza kusema ndiyo, ndiyo, endelea, najua umeshaacha kunisikiliza, unaendelea na kompyuta yako. Karatasi huwezi kuikatiza. Tena karatasi haioni uso wangu. Nakuomba ukae chini kama umesimama, na usome mpaka mwisho kabla hujanyanyua simu kunifokea. Utakuwa na haki ya kunifokea, ila kwanza umalize.

Habari za nyumbani ni hizi. Chumba cha Mama sijakigusa. Nimefagia tu na kufungua dirisha, nikalifunga tena. Miwani yake iko palepale juu ya redio, kioo kimoja kina ufa, na kandambili zake ziko mlangoni zimeelekea nje. Kila nikipita nasema leo nitaziondoa, na siziondoi. Cherehani nimeisogeza karibu na mlango wa barabarani ili nipate mwanga na wateja wanione. Mlango wa nyuma, ule wa jikoni, nimeongeza matofali mawili chini ya kidato. Wewe utakumbuka Baba alipoijenga nyumba, kidato kile kilikaa juu ya udongo, mtu anashuka hatua moja yuko uani. Sasa kidato kinaning'inia. Mama alikuwa akijaza mawe chini yake, mimi nimejaza matofali, na juzi nimeona yanataka la tatu.

Sasa nikuambie jambo lililonifanya nichukue kalamu. Wiki mbili zilizopita ofisi ya bonde la mto ilibandika tangazo kwenye ukuta wa ghala la vitabu vya shule, lina mhuri na sahihi. Linasema zile familia tisa zilizohamishwa kutoka chini ya mlima wetu baada ya udongo kuporomoka mwaka juzi, upande ambao haukupandwa majani, zinaruhusiwa kurudi kwenye viwanja vyao kuanzia tarehe mosi. Linasema utafiti wa miaka mitatu umeonyesha kwamba tangu ile mistari ya majani ya kuzuia udongo ipandwe, mteremko haupotezi udongo. Wanakutaja wewe, kaka, majina yako yote matatu, na cheo ambacho bado hujakipata lakini wamekupa. Watu wamesimama pale wanasoma, na wasiojua kusoma wanasomewa. Nami nilisimama nyuma yao, tepu yangu shingoni.

Mama Pacha, yule rafiki wa Mama ambaye nyumba yake ndiyo ilikuwa karibu kabisa na mlima, hakusubiri tarehe mosi. Siku iliyofuata alianza kubeba mabati yake kichwani kutoka kwenye kile chumba cha kupanga, mawili mawili, anapita mbele ya mlango wangu akiimba. Alisimama kwangu, akayatua, akanishika mashavu kwa mikono yake yenye kutu akaniambia nikufikishie ujumbe huu: kwamba Mungu akuzidishie, kwamba umemrudisha kwake, na kwamba mapacha wake watalala tena kwenye kile chumba cha nyuma wanachokipenda, kinachotazama mlima. Basi ujumbe nimekufikishia. Alipoondoka nilikaa kwenye cherehani nikashona mfuko wa shati upande wa ndani. Mimi, fundi wa miaka kumi na minane!

Zikiwa zimebaki siku tisa tarehe mosi ifike, na mvua kubwa bado hazijaanza, nakuandikia ili ujue kwa nini wale watu hawatakiwi kurudi pale.

Tuanze mwanzo. Unakumbuka siku uliyozileta nondo zako. Ulikuja na gari la chuo, viatu vipya, ukashusha nondo nyembamba arobaini zimekatwa sawasawa, kila moja sentimita sitini. Ukapaka rangi nyekundu kipande cha juu, sentimita kumi kamili, ukafunga kila moja kibati chenye namba. Ukazipigilia kwenye mteremko safu nne za kumi kumi, kuanzia nyuma ya jiko letu mpaka kule chini ukingoni kwenye jiwe kubwa, ukaacha nyekundu peke yake juu ya udongo. Halafu ukatupanga mimi na Mama uani ukatueleza kama mwalimu mwenye darasa la watoto wazito. Mvua ikichukua udongo, nondo haiondoki nao, inabaki palepale, na chuma kitupu kinaonekana chini ya rangi. Mimi nije na rula kila tarehe mosi, nipime kutoka kichwa cha nondo mpaka udongo ulipo, niandike, nikutumie. Kumi ikibaki kumi, mlima umeshikilia. Kumi ikiwa kumi na tatu, vidole viwili vya shamba letu vimekwenda mtoni. Tangu siku ile mtaa mzima wakaniita Bi Rula, na wateja wapya wanadhani ni kwa ajili ya ushonaji.

Mama ulimpa kazi yake. Ulimshika mikono yote miwili ukamwomba azichunge nondo zako, maana wakusanya vyuma chakavu hawana huruma hata na uzio wa kaburi. Ukamwambia kwamba siku utakayorudi unataka uzikute vilevile kama ulivyoziacha. Ulimwambia hivyo, kaka. Nilikuwepo, nimebeba chai yako.

Miezi miwili ya kwanza nilikuta kumi na moja hapa, kumi na mbili pale. Baadaye zikarudi kumi. Nilikupigia nikakuuliza inakuwaje nondo iliyokuwa kumi na mbili irudi kumi, ukacheka kwa furaha, ukaniambia hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta: majani yanaukamata udongo unaotoka juu na kuujaza palepale. Ukasema niendelee hivyohivyo. Nikaendelea. Mwezi baada ya mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, kumi, kumi, kumi. Mama akiniona naingia na daftari ananiuliza kama nondo za mwanawe zimekaa vizuri, namjibu zimekaa, naye anatabasamu na kuendelea kuchambua mchele.

Isipokuwa moja. Namba thelathini na saba, ile ya chini kabisa nyuma ya jiwe, haikutaka kusikia. Ilianza kumi na mbili, ikaenda kumi na tano, ikafika kumi na tisa. Siku nilipokutumia kumi na tisa ulinipigia ukiwa na profesa wako chumbani, simu iko wazi anasikia. Uliniuliza kama huwa ninaanza kupima kwenye sifuri ya rula au kwenye ncha ya rula. Uliniuliza mimi, ninayekata suruali za watu wazima bila kukosea hata uzi! Profesa akacheka, nikamsikia. Kisha ukamweleza kwamba pale maji yanazunguka jiwe na kuchimba, sehemu ile haiwakilishi mlima, na kwamba nondo hiyo itolewe kwenye hesabu. Ukaniambia nisiipime tena. Nawe unajua kichwa changu kilivyo kigumu. Niliendelea kuipima, nikawa ninaiandika ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya vipimo vya sare za kwaya. Mara ya mwisho kuipima ilikuwa thelathini na nne.

Kuna mtu mwingine aliyekuwa na shaka kabla yetu sote. Ni fundi pampu wa mtambo wa maji, yule mrefu anayetembea ameinama kama anatafuta sindano. Mdomo wa bomba lao la mtoni uko hatua mia mbili tu chini ya jiwe letu, na kazi yake ni kuondoa matope kwenye wavu. Kila akija kwangu kuongezewa viraka kwenye magoti alikuwa ananiambia kwamba zamani alikuwa anayazoa matope mara moja kwa wiki, sasa kila siku, na siku za mvua anayazoa asubuhi na jioni. Alikuwa ananiuliza, kwa upole tu, huo udongo unatoka wapi kama mlima wenu haupotezi kitu. Nilikuwa namwambia aulize wachimba mchanga wa juu. Alikuwa anatikisa kichwa, anachukua suruali yake anaondoka.

Alhamisi hii alikuja tena. Ilikuwa imenyesha siku tatu, wala si mvua kubwa, ni ile ya kulowesha nguo tu. Aliingia na viatu vyake vya matope mpaka ndani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaweka nondo juu ya meza ya cherehani, juu ya shati jeupe la shule nililokuwa nalipiga pindo. Nyekundu yake ilikuwa imechunika lakini ilionekana. Kibati kilikuwa bado kimefungwa. Thelathini na saba. Akaniambia ameikuta imelala kwenye wavu wa bomba, katikati ya majani na chupa za plastiki, na akataka kujua kama ni ya kwetu. Nikakubali kwamba ni ya kwetu. Akauliza jambo moja tu, kwamba chuma kinatembeaje kama udongo umetulia. Nikaichukua nondo nikaigeuza mkononi. Alinitazama kidogo akaondoka, na suruali aliyoijia akaiacha imening'inia kwenye msumari.

Nilifunga mlango nikateremka mpaka kwenye jiwe. Kaka, hata tundu ilimokuwa halipo. Pale iliposimama nondo sasa ni hewa. Ukingo umerudi nyuma hatua tatu, na jiwe lenyewe limebaki limetoka nje kama jino bovu. Nikitazama chini naona kiwanja cha Mama Pacha, mabati yamepangwa vizuri, ametandaza nguo za mapacha juu yake zikauke.

Haya. Nimezunguka vya kutosha, na wewe hupendi mtu anayezunguka. Ninachokwenda kukuambia nimekibeba zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Nondo zako zilikuwa zinagongwa.

Mwaka juzi, katikati ya masika, mwezi mmoja tu baada ya zile nyumba tisa kuhamishwa, nilikwenda kupeleka sare shuleni, nikamkosa mwalimu mkuu, nikarudi mapema kuliko kawaida. Mama hakuwepo ndani. Nilimkuta mteremkoni, amepiga magoti juu ya gunia, ameshika nyundo ya Baba, ile ndogo ya viatu. Alikuwa anagonga nondo namba kumi na nne, taratibu, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza, mpaka nyekundu ikagusa udongo. Akafuta matope kwa pindo la gauni lake, akavuta gunia, akasogea kwa kumi na tano. Alikuwa anaongea nazo. Anaziambia zitulie, mwenyewe anakuja.

Kwanza nilicheka. Nilisema Mama ameanza uzee. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni, kwa sababu nilikumbuka zile kumi, kumi, kumi. Nilimwuliza anafanya nini. Hakushtuka wala hakuona haya. Alinieleza kwamba hizi nondo ni kaidi kweli, mvua ikinyesha tu zinachomoza, na wewe ulisema unataka uzikute vilevile kama ulivyoziacha. Alianza mwezi wa tatu tangu uondoke. Hakuniambia kwa sababu ningemkataza kupiga magoti na mguu wake ule. Alikuwa anakwenda zote, kila baada ya mvua, isipokuwa ile ya nyuma ya jiwe, kwa kuwa goti halikumruhusu kushuka kule, na alikuwa anaomba radhi kwa hiyo moja.

Kaka, Mama alidhani nondo zako ndizo zinaushika mlima. Aliniambia Baba maisha yake yote alipigilia soli za viatu vya watu zisibanduke, na wewe umesoma mpaka ukaweza kuupigilia mlima, na nyundo ni ileile. Alisema hivyo akicheka, jasho linamtoka, ana furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu Baba afariki. Ningemwambiaje? Hebu niambie wewe mwenye maneno mengi, ningeanzia wapi?

Lakini sitaki kujisafisha. Kwa Mama nilinyamaza kwa huruma. Kwako nilinyamaza kwa hasira. Ilikuwa wiki ileile uliyonicheka na profesa wako juu ya rula. Nilisema moyoni, si anajua kila kitu? Basi na hili alijue mwenyewe. Siku nne baadaye ukapiga simu unapiga vigelegele peke yako kwamba makala yako imekubaliwa, na mimi nikakupongeza. Nilikupongeza, huku nikijua! Hasira iliisha haraka, wewe mwenyewe unanijua, haikai. Ila kila mwezi uliopita kulisema lilikuwa gumu zaidi, maana makala ilizaa ripoti, ripoti ikaenda ofisi ya bonde, ofisi ikakuahidi kazi, na Mama akaanza kuvimba miguu.

Siku tatu kabla hajaondoka aliniita nimsogezee mto. Akanishika mkono akaniambia nyundo iko chini ya kitanda, na nisiziache nondo za kaka yangu zichomoze. Hakuniachia wosia mwingine. Hakusema habari ya nyumba wala ya shamba, ni hilo tu. Nikamwitikia. Na siku ya mazishi uliposimama mbele ya watu ukasema kwamba kati ya nondo arobaini hakuna iliyopotea hata moja, kwa sababu Mama alizichunga kama watoto wake, watu wote waliguna kwa kukubali, na wewe ukashindwa kuendelea kwa machozi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Ulipoondoka, mvua ilinyesha wiki ile. Nikaenda na rula. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na mbili. Kumi na tano. Zilikuwa namba za kweli, ambazo sikuwa nimeziona kwenye safu za juu tangu ile miezi miwili ya kwanza. Nilikaa chini pale pale kwenye matope. Ningeweza kukupigia simu dakika ile ile na mambo yangeishia hapo. Badala yake nilirudi ndani nikavuta ile nyundo chini ya kitanda, nikazigonga zote isipokuwa ile ya nyuma ya jiwe, moja baada ya nyingine, nalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni, mpaka nyekundu ikagusa udongo. Kisha nikanawa mikono nikakutumia kumi, kumi, kumi. Nimefanya hivyo mara tatu katika miezi mitano hii. Kila nikigonga nilikuwa nahisi Mama yuko nyuma yangu na gunia lake.

Mama hakujua anafanya nini. Mimi nilijua. Hiyo ndiyo tofauti, na sitaki uipunguze hata ukitaka kunihurumia.

Sasa sikiliza nilivyoamua, na usijaribu kunigeuza, kwa sababu utakapokuwa unasoma haya nitakuwa nimeshafanya. Kifurushi hiki kinaondoka na basi la kesho alfajiri, kitakufikia Jumanne. Ofisi ya bonde inafunguliwa kesho saa mbili. Nitakuwa wa kwanza mlangoni, na daftari langu, pamoja na ule ukurasa wa mwisho. Nitawaambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nazigonga nondo, tangu mwezi wa tatu baada ya wewe kuondoka mpaka leo, nikidhani nakusaidia kazi. Wataniuliza mtu mzima anawezaje kufanya upuuzi kama huo. Nitawaambia mimi ni fundi cherehani, mambo ya mito siyajui. Wataamini. Mwanamke mwenye tepu shingoni akisema hajui kitu, hakuna anayemwuliza mara mbili.

Mama simtaji. Hajulikani na ofisi yoyote, na sitaki ajulikane kwa hili. Sitaki Mama Pacha apite kwenye kaburi lake akiwaza kwamba aliyelala humo nusura awarudishe watoto wake chini ya mlima. Nami nikisema ni mimi, sitakuwa nimedanganya sana.

Najua ninachokunyang'anya. Usifikiri mdogo wako hajui. Miaka mitatu ya kazi, makala, ile kazi waliyokuahidi, na heshima uliyoitafuta tangu ulipokuwa unakwenda shule na kiatu kimoja kimefungwa kamba, wewe mtoto wa fundi viatu, wakakucheka. Nilikuwa nakwenda nyuma yako, nilisikia. Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi nikitafuta njia ya kuziokoa familia tisa bila kukuumiza wewe, na sijaipata. Kama ipo, mwenye akili ya kuiona ni wewe, na siku zimekwisha.

Wala sikulaumu kwa yale uliyomwambia Mama. Ulimwomba uzikute vilevile, akakuwekea vilevile. Nakuambia tu ili siku ukitulia usimkasirikie.

Ila nina ombi moja, na ni ombi la mdogo kwa mkubwa wake. Watakupigia simu, pengine wameshakupigia. Watakuambia dada yako ameharibu utafiti. Usinitetee, kaka. Ukinitetea watauliza zaidi, na wakiuliza zaidi watafika kwa Mama. Nikasirikie mbele za watu. Sema mdogo wako hana akili, sema ulinionya hata siku ile ya rula, profesa ni shahidi. Waambie wazuie watu wasirudi, halafu unigombeze wasikie. Ukishafika nyumbani kwako na kufunga mlango, hapo fanya unavyojisikia.

Nisalimie wifi sana, mwambie kitambaa alichoniachia nimeanza kukikata. Mtoto mbusu kwenye paji la uso, na umwambie mifuko ya gauni ni ya kuwekea vitu vizuri, si konokono. Profesa wako usimsalimie. Kesho nikitoka ofisini nitampitia Mama Pacha nimsaidie kuyarudisha mabati, maana mimi ndiye nitakayemwambia, siwezi kumwachia mhuri amwambie. Kama hatanipokea, nitayabeba hivyohivyo.

Nyundo ya Baba nimeirudisha chini ya kitanda cha Mama, na haitatoka tena. Ndani ya gauni la mtoto nimefunga nondo yako, angalia isimwumize mtu mnapofungua. Kabla ya kuifunga niliipima, kwa kuanzia kwenye sifuri ya rula kama ulivyonifundisha. Namba thelathini na saba: sentimita sitini. Yote iko nje.

Ni mimi mdogo wako,
Bi Rula